Mwaka wa Ghala Lenye Mapengo

Mwalimu Yusuf amezikwa katika mji ambao sijawahi kuukanyaga, na maziko yake niliyatazama kwenye simu, nimeketi kitandani na viatu vya kazini bado miguuni. Binti yake, Hodan, alinipigia asubuhi kunieleza kwamba baba yake alikuwa ameaga hospitalini, kisha akanitumia njia ya kufuatilia kila kitu kikiendelea. Niliona wanaume waliovaa makoti mazito, udongo mweusi uliolowa, na picha iliyokuwa ikicheza mkononi mwa mwenye simu. Imamu alisoma, upepo ukala nusu ya maneno. Halafu picha ikaganda, nikabaki nikitazama bega la mtu nisiyemjua. Programu iliyonionyesha hayo yote ilikuwa ya aina ambayo marehemu hangeiruhusu iguse mashine zake, na nadhani angecheka kidogo kwa ile namna yake ya kucheka kwa pua. Kesho yake nilienda Baba Dogo, mtaa wa viwanda hapa Nairobi. Hapakuwa na matanga ya kwenda wala nyumba ambamo ningekaa na watu, tunywe chai na kumsimulia, kwa hiyo nikaenda kusimama chini ya jengo tulilofanyia kazi. Siku hizi pale juu wanauza magodoro. Mwanamke mmoja aliniuliza nataka la inchi ngapi. Nikamwambia ninapita tu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni na cheti cha kompyuta, na nimepanga chumba Tassia, ghorofa ya juu kabisa kwa kuwa huko hakuna aliyetaka kupandisha maji. Dirisha langu lilitazama dirisha la jengo la pili, karibu kiasi kwamba mtu wa upande ule akikoroga chai nilisikia kijiko. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili na meza niliyoiokota ngazini baada ya mpangaji mmoja kuhama. Jioni nilisonga ugali, nikakaanga sukuma, nikala nimeegemea ukuta, nikisikiliza. Upande wa kushoto aliishi mama mmoja aliyesali kwa sauti kabla ya kulala, akiwataja ndugu zake mmoja mmoja na shida zao: Wambua na mguu wake, Syombua na mtihani, yule wa Mombasa ambaye hakupokea simu. Nilijua majina ya jamaa zake wote. Yeye hakujua langu. Tukikutana ngazini na mitungi ya maji tulisema habari na nzuri, basi. Nikikumbuka sasa, sidhani majirani walikuwa wabaya. Kila mtu alikuwa amechoka, na uchovu wa majengo yale ulifunga mlango mapema.

Wenzangu wa chuo walikuwa wametawanyika, mmoja Kisumu, mwingine Kampala, wawili ng'ambo, na urafiki wetu wote ulikuwa umehamia mtandaoni. Huko ndiko walikotaniana, walikopeana habari za kazi, na walikotangaziana harusi. Mimi nilikuwa na kompyuta ya kupakata juu ya ile meza ya kuokota, nzima, yenye nguvu, ila haikuweza kushika mtandao wa hewani hata ukiiweka juu ya mtambo wenyewe. Kadi yake ya mtandao ilihitaji programu ndogo kutoka kwa kiwanda kilichoitengeneza, na programu hiyo haikuwemo katika ghala letu la programu. Nasema letu kwa sababu kompyuta ile nilipewa na Mwalimu Yusuf siku aliponiajiri, na pamoja nayo nikapewa imani yake.

Yusuf alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama mtu aliyezoea milango mifupi. Ukoo wake ni wa wafanyabiashara wa jumla wa vitambaa, Wasomali waliozaliwa papa hapa Nairobi, lakini yeye vitambaa havikumshika. Alifungua chuo kidogo cha kompyuta Baba Dogo, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, akitumaini kuwapata watu wa viwandani wanaotaka kupanda kutoka mashineni hadi ofisini. Kila mashine pale iliendeshwa na mfumo wa Linux, na si Linux ya vivi hivi. Zipo za aina nyingi, na nyingi huchanganya: programu ambazo kila mtu anaweza kuzifungua akasoma zilivyoandikwa, pamoja na vipande kadhaa vya siri kutoka kwa watengenezaji wa vifaa, ili mambo yaende. Yake ilikuwa ya watu wasiochanganya. Ghala lake, yaani ile hazina ya mtandaoni ambamo programu huchukuliwa zikiwa vifurushi, halikupokea kitu chochote ambacho msimbo wake umefichwa, au ambacho leseni yake inamkataza mtu kukirekebisha na kumpa jirani. Ukitafuta kifurushi ambacho hakimo, mashine hukujibu kwa upole kwamba hakikupatikana. Jibu hilo nililiona zaidi mwaka ule kuliko nilivyoona uso wa mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha, na kuwaeleza watu kwa nini kitu fulani hakipo. Mwanafunzi wetu mmoja, Fridah, karani wa kiwanda cha plastiki, aliyekuja na mdomo wake na akili zake, hakunipa raha.

"Kioko, hii printa mbona haiongei na mashine?"

"Inadai kipande ambacho hatuna."

"Na kiko wapi?"

"Kwa wale waliotengeneza printa."

"Si mchukue?"

"Wanatupa, ila hawakubali tuone ndani kuna nini."

"Kwani wewe ukinunua soseji ya smokie pale stage huwa unauliza ndani kuna nini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Yusuf, aliyekuwa akifungua kebo pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Mimi huuliza." Wakacheka zaidi, na Fridah naye akacheka. Lakini mwezi uliofuata hakurudi. Alinieleza kwa adabu, tulipokutana barabarani, kwamba matangazo ya kazi yanataja programu kwa majina na zetu hazitajwi. Wengine hawakuaga. Viti vikabaki vimepangwa mbele ya mashine zilizofutwa vumbi, na kutoka chini tukawa tunasikia vizuri zaidi nyundo za wachomeleaji.

Siku moja, chumba kikiwa kitupu, nilimuuliza Yusuf kama haoni kwamba anajinyima. Alifikiri kwanza. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata ukimuuliza saa.

"Kitambulisho changu," alisema, "nilikipata baada ya kupelekwa mbele ya wazee wanihoji kama mimi ni wa hapa. Mimi niliyezaliwa hospitali hii hii ya mjini. Cheti cha ndoa, ruhusa. Duka, ruhusa. Mke wangu ameondoka na mtoto kwa sababu karatasi zao zilikubaliwa, na mimi nimebaki kwa sababu zangu ziko faili lingine. Maisha yangu yote nimeishi kwa ruhusa ya watu ambao hawanionyeshi wanaandika nini. Sasa Kioko, hii mashine ni yangu. Angalau yenyewe isiombe ruhusa."

Mkewe, Maryam, alikuwa amekuja nchini akiwa mkimbizi, na zamu yake ya kuhamishiwa nchi za baridi ilipofika alikwenda na Hodan, aliyekuwa ameanza tu kusoma. Ilisemekana Yusuf atafuata. Ombi lake likawa linazunguka ofisi ambazo sitazitaja. Katika chumba cha nyuma cha chuo alikuwa na jiko dogo la gesi, na kila mchana alipika wali wa nyama wenye iliki, na kila mchana alipika mwingi kupita kiasi. Mkono wake ulikuwa bado unapimia watu watatu. Ndivyo nilivyoanza kula naye. Tulikaa sakafuni, sinia katikati, ndizi mbivu pembeni, na simu yake imewekwa juu ya kiti ikiwa Maryam atapiga. Akipiga, Yusuf aliweka sauti ya nje, labda ili mikono iendelee kula, labda ili na mimi niwemo.

"Kioko yupo?" Maryam aliuliza kila mara.

"Nipo, Mama Hodan."

"Anakulisha?"

"Ananinenepesha."

Halafu Hodan alikuja akazungumza haraka, maneno ya shule mpya yakiingia katikati ya Kisomali na Kiswahili, kisha laini ikakatika, na Yusuf akaitazama simu kwa muda kabla ya kuchukua tonge lingine. Siku moja mtoto alimwambia kwamba rafiki zake wa huko wanaongea na bibi zao kwenye kompyuta na kuwaona. "Aabo," akasema, akimwita baba kwa Kisomali, "mbona wewe huna uso?"

Mchana ule hatukumaliza chakula.

Programu ambayo ulimwengu mzima uliitumia kuonana ilikuwa ya siri tupu, ndani na nje. Hapakuwa na haja ya kuuliza kama ingeingia kwenye ghala letu. Ilikuwepo nyingine, iliyoandikwa na watu waliotawanyika duniani, ya wazi, yenye picha na sauti. Ila haikuwa imefanywa kifurushi katika mfumo wetu. Nilimwambia Yusuf nitaitengeneza. Sikujua nilichokuwa nikisema. Programu ile ilihitaji maktaba fulani, yaani fungu la msimbo wa kuazima, ambayo nayo haikuwepo. Maktaba hiyo ilihitaji nyingine mbili. Moja kati ya hizo ilikuwepo lakini ya zamani mno. Nikawa kama mtu anayetengeneza mlango, akagundua hana msumari, akaenda kujifunza kufua chuma. Wiki zikawa miezi. Nilikaa kwenye mashine ya dirishani iliyounganishwa kwa waya, mgongo wangu kwa viti vitupu, na Yusuf akikaa nyuma yangu akisoma leseni, faili baada ya faili, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa somo lake.

Ni yeye aliyekiona kipande kilichotukwamisha. Kilikuwa kidogo, cha kubana sauti ili ipite kwenye mtandao mwembamba, kimeandikwa na mtu mmoja zamani, na juu ya faili lake palikuwa na sentensi kwamba kisitumiwe kwa biashara. Msimbo ulikuwa wazi kabisa. Ungeweza kuusoma, kuubadilisha. Ni sentensi ile tu.

"Tuipite," nilisema. "Nani atajua?"

"Wewe utajua," alisema Yusuf. "Na ghala halitakipokea, kwa hiyo hakitamfaa mtu mwingine ila sisi. Mwandikie mwenyewe."

Nikamwandikia, kwa anwani iliyokuwa imepitwa na wakati. Barua ikarudi. Nikatafuta nyingine, nikaandika tena, nikangoja.

Kipindi kile cha kungoja ndicho ninachokikumbuka ninaposema kwamba nilikuwa mpweke. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia. Yusuf alifunga, nami kwa kuona haya kula peke yangu nikashinda na chai ya asubuhi tu. Magharibi alifungua kwa tende na uji mwepesi, sauti ya adhana ikitoka msikiti wa karibu, na hapo kwenye mkeka palikuwa na watu wawili ambao kila mmoja alikuwa akiwakosa wengine. Ndugu zake walimwita nyumbani kwao, akaenda siku za mwanzo, kisha akaacha. Aliniambia meza yao ina kelele za watoto. Mimi nilirudi Tassia nikakuta jirani yangu ameanza kusali, nikalala nikimsikiliza. Kuna rafiki aliyepita akaniachia flashi yenye ile programu ya kadi yangu. "Dakika kumi, buda, unashika net kama watu," alisema. Aliondoka, nikaishika flashi ile mkononi kwa muda mrefu. Ningependa kusema kwamba niliiweka kando kwa ajili ya imani. Ukweli ni kwamba nilijua kompyuta yangu ikishika mtandao chumbani sitakuwa tena na sababu ya kukaa Baba Dogo hadi jioni, na nyuma yangu hapatakuwa na mtu anayesoma leseni.

Halafu Hodan akaugua. Maryam alipiga asubuhi, sauti yake imekauka: tumbo, hospitali, wanampasua leo hii. Yusuf alisimama katikati ya chumba na simu sikioni, akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipomaliza aliitazama mashine ya dirishani, ambayo kwenye kioo chake palikuwa na orodha ya makosa niliyokuwa nikiyarekebisha, akanitazama mimi. Kisha akavaa kofia yake akatoka. Nilidhani ameenda msikitini.

Alirudi alasiri. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, kile cha mstari wa mbele.

"Nimetoka saiba," alisema. "Ile ya kona, ya kompyuta za kulipia. Nimemwona."

Niliacha kuandika, nikageuza kiti.

"Ametoka chumba cha upasuaji. Maryam aliazima kompyuta ya jirani yake wa wodini, akaiweka kitandani. Mtoto bado ana dawa ya usingizi. Ameniangalia, akasema, Aabo, una ndevu." Alijipapasa kidevu. "Nilikuwa sina, alipoondoka."

"Ulitumia ile ya wote?"

"Nilitumia ile ya wote. Ningetumia hata ya shetani."

Chini walikuwa wakikata bati. Niliuliza, kwa sauti ya chini, kama basi niiweke kwenye mashine zetu, tuache kuhangaika. Hakukasirika.

"Hapana," alisema. "Mtu akizidiwa atabisha mlango wowote. Lakini haimaanishi ahamie pale. Endelea na yetu."

Nimewahi kuwasimulia watu kisa hicho na wengine wakasema alikuwa mnafiki. Mimi nilikuwepo, niliuona uso wake, na sijawahi kumwona mtu asiye na unafiki kama yule aliyekaa kwenye kile kiti.

Jibu la mwandishi wa kile kipande lilikuja wakati tulipokuwa tumekoma kulitazamia. Sentensi tatu. Alisema amestaafu, alidhani hakuna anayekitumia tena, na ameiondoa ile sentensi ya biashara, tuchukue. Yusuf alinitaka nizisome mara mbili kwa sauti. Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilikamilisha kifurushi, nikakipeleka kwa wasimamizi wa ghala, wakakirudisha na marekebisho, nikayafanya, wakakirudisha tena. Siku kilipokubaliwa nilifungua mashine nyingine, moja ya zile zisizokaliwa na mtu, nikaandika jina lake kama mtu yeyote duniani angefanya, na ghala halikuniambia kwamba halina. Likashusha. Yusuf alisimama nyuma yangu na mkono wake begani mwangu.

Binamu wa Maryam aliwawekea ile programu upande wa pili. Simu ya kwanza ilikuwa mchana, wali ukiwa jikoni. Picha ilikuja ikiwa na miraba miraba, kisha ikatulia, na palikuwa na mtoto aliyepungua uso, hana meno ya mbele, amevaa sweta. Nilitarajia kelele. Hodan aliona haya. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake aliye pembeni, akajificha nyuma ya mkono wake. Yusuf naye alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe. Mwishowe alimwuliza kama amefanya kazi ya shule. Nilikwenda jikoni nikakoroga wali usiohitaji kukorogwa.

Karatasi zake zilikubaliwa mwaka ukielekea kwisha. Habari ilikuja kwa simu fupi, na ndani ya muda mdogo mtu niliyedhani atangoja milele alikuwa na tarehe ya kusafiri. Aliuza mashine nyingi, akaniachia chache pamoja na kodi iliyokuwa imelipwa ya kumalizia msimu. Ndugu zake walijaza magari kumsindikiza. Mimi niliagana naye pale pale juu, asubuhi, akiwa na begi moja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Ukila, kula vizuri." Nikasikia viatu vyake ngazini, kisha wachomeleaji wakimsalimia, kisha sikusikia kitu.

Sikujua la kufanya na siku. Nilifungua asubuhi na kufunga jioni, na hakuja mtu. Kama juma la pili hivi, mchana, mashine ya dirishani iliita. Ilikuwa ni Yusuf, amevaa koti ndani ya nyumba, nyuma yake kuna ukuta wa manjano na mlango wa jikoni. Tuliulizana hali. Aliniambia baridi ya kule inaingia hadi kwenye meno. Nikamwambia mvua imenyesha Tassia, maji yamejaa hadi ngazini. Tukaishiwa. Tulikuwa tumekaa pamoja mwaka mzima bila kulazimika kuongea, na sasa kioo kilikuwa kinatudai maneno. Akaitwa na mtu, akainuka, akasema anarudi. Nikangoja. Nilikuwa nimenunua chapati na maharagwe pale chini, nikaifungua karatasi juu ya meza, nikaanza kula polepole. Upande wa pili mlango ulifungwa. Sufuria ikawekwa jikoni. Hodan alipita akiimba kwa lugha ambayo sikuielewa hata neno, akarudi, akapita tena. Nilikaa nikisikiliza nyumba ya watu.

Baadaye Maryam aliingia na kitambaa mkononi, akaiona mashine bado iko wazi, akainama mbele yake.

"Kioko? Bado uko?"

"Bado, Mama Hodan."

"Yusuf ametoka. Ameitwa msikitini, ameenda mbio, amesahau kukuaga."

"Si neno. Nitafunga."

Aliniangalia, akaangalia zile chapati, na viti vilivyokuwa nyuma yangu.

"Usifunge," alisema. "Wewe kula. Mimi hapa napika anjera, chapati zetu laini."

Akaisogeza mashine kidogo ili nione jiko, akarudi kwenye kazi yake.